Mtani Kwenye Msiba wa Mheshimiwa

Mheshimiwa Parfait alifia Johannesburg, mahali ambapo wakubwa wengi wa kwetu hupenda kufia. Jimbo lake la Kilungwe lina zahanati moja yenye kitanda kisicho na godoro. Yeye alikata roho kwenye chumba chenye runinga ukutani, maua mezani, na madaktari wanaobisha hodi kabla ya kuingia. Sisemi hivi kwa wivu; kila mtu afe mahali pazuri akiweza. Nasema tu kwamba wauguzi wa pale walimwona mara nyingi zaidi ndani ya mwezi mmoja kuliko Kilungwe ilivyomwona katika karibu miaka ishirini ya ubunge wake.

Mimi naitwa Victorine. Nina saluni hapa hapa Johannesburg, mtaa wa Malvern, kwenye Jules Street, kati ya spaza, kiduka cha Mhabeshi, na kijana anayetengeneza simu. Nilizaliwa Kilungwe, mashariki ya Kongo, katika ukoo wa Mvua. Parfait alikuwa wa ukoo wa Uyoga. Kwetu Mvua na Uyoga ni watani tangu enzi za mababu. Uyoga hauoti bila mvua, kwa hiyo sisi tuna haki ya kuwasimanga nao wana haki ya kutusimanga, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Msibani haki hiyo huwa kubwa zaidi. Mtani huingia matangani akamsema marehemu jinsi alivyokuwa, mchoyo, mlevi, mwongo, kisha hulala mlangoni jeneza lisitoke mpaka wafiwa wamlipe kuku. Akishapokea kuku lazima ainuke. Kumkataa kuku ni kumlaani maiti, na hilo hata mimi, pamoja na ulimi wangu huu, siwezi.

Thérèse, mjane wa Mheshimiwa, alinipigia simu siku mbili kabla ya mwili kusafirishwa. Huyu Thérèse ameishi Turffontein miaka mingi, katika nyumba iliyo karibu na uwanja wa mbio za farasi, ambayo Mheshimiwa aliinunua kwa ajili ya kupumzika. Kupumzika kutokana na nini, sikuwahi kuambiwa. Aliniomba nije kufanya kazi yangu ya utani kwenye ukumbi wa kanisa, maana msiba bila mtani ungekuwa aibu. Kisha akashusha sauti, kwa Kiswahili cha kwetu ambapo "ndiye" ni "njo".

"Victorine, weye njo mtani wetu, siwezi kukukataza kitu," alisema. "Ila ile ya daraja, kama unaweza, iache. Mtoto atakuwa pale."

Mtoto aliyemtaja ni Chris, mwanaume mwenye ndevu na biashara ya kuuza magari. Na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Kwetu mgombea ubunge hasimami peke yake. Huandikisha majina ya watu wawili nyuma yake, wanaoitwa suppléants. Mbunge akifa, yule wa kwanza anarithi kiti bila uchaguzi. Wa kwanza akikataa, kiti kinakwenda kwa wa pili. Mheshimiwa alimweka Chris wa kwanza, mtoto wake wa kumzaa, ambaye hajawahi kukanyaga Kilungwe hata kwa dakika moja. Wa pili akamweka Mwalimu Hénock. Jina la Chris lilikuwa la kukilinda kiti, jina la Hénock lilikuwa la kuleta kura, kwa sababu vijiji vyote vya ng'ambo ya mto vinamwamini mwalimu huyo kuliko vinavyomwamini padri.

Hénock ni shemeji yangu. Alimwoa dada yangu Paulina. Paulina alishikwa na uchungu wa kuzaa wakati mto Muselezi umefurika, na zahanati iko upande wa pili, na daraja halikuwapo, kama ambavyo halipo hadi leo. Alifia ukingoni, kwenye majani, pamoja na mtoto wake, watu wakimwangalia na kuyaangalia maji. Hénock hakuoa tena. Kila masika huwavusha wanafunzi wake kwa kamba, mmoja mmoja, maji yakimfika kifuani. Ndiyo maana nilitaka kile kiti akikalie yeye. Nasema wazi, sina sababu ya kuficha. Watakaosema nilimpigania shemeji yangu wamesema kweli.

Na matumaini yalikuwapo. Machifu wa Kilungwe walikuwa wamekwisha kutuma neno kwamba mtoto huyo wa Johannesburg hawamjui, si wao, na hawatamkalisha. Bila machifu hakuna mbunge anayethubutu kuingia Kilungwe, hata awe na karatasi zote za Kinshasa mkononi. Chris mwenyewe naye alikuwa anayumba. Siku ya matanga alikuja kunichukua saluni kwa moja ya magari yake, na tulipokwama kwenye robot, yaani taa za barabarani, pale mwisho wa Jules Street nikamuuliza waziwazi kama anakitaka kiti cha baba yake. Akakuna ndevu.

"Eish, Mama Vicky," alisema. "Mimi kule hapana jua mtu. Mama ndiyo anataka. Kama watu wa kule hawanitaki, sharp, mimi ninaacha. Siwezi kukaa pahali sitakiwi."

Nikajiambia: mtu huyu anahitaji kusukumwa kidogo tu. Nikimvua nguo mbele ya watu wote, kwa haki niliyopewa na mababu, ataona aibu, atakataa, na Hénock atakaa. Nilimsifia gari lake, na yeye akafurahi, maana wanaume wenye magari ni wepesi kufurahishwa.

Ukumbini tulimkuta Évariste mlangoni akipokea wageni. Évariste ni mwenyekiti wa umoja wa Wana-Kilungwe wa Johannesburg. Siku sita za wiki ni mlinzi katika duka la samani, na siku ya saba ni Mwenyekiti, na hiyo siku ya saba huongea polepole kana kwamba kila neno lake linaandikwa na katibu. Alikuwa amevaa suti ya zambarau. Kila mtu alijua kwamba Chris akiwa mbunge, Évariste atakuwa kitu fulani Kinshasa, hata kama ni mbeba mkoba. Alikuwa ameshaweka kuku tayari kwenye sanduku nyuma ya jukwaa, kuku hai, kutoka kwa wale wanawake wanaouza kuku pembeni mwa barabara kule Rosettenville. Alinionyesha kwa fahari, ili nijue kwamba taratibu zinafuatwa.

Padri alisali. Kisha Évariste akasoma wasifu wa marehemu, na nikajifunza mengi. Nilijifunza kwamba Mheshimiwa alikuwa baba wa maendeleo ya Kilungwe, taa ya Kilungwe, ngao ya Kilungwe. Kilungwe haina umeme, kwa hiyo kuhusu taa nilikubali kwamba pengine aliishi gizani ili aonekane vizuri. Watu walipiga makofi. Thérèse alilia, na simlaumu. Hata mume wa kupumzikia ni mume.

Halafu nikavua viatu, nikajifunga khanga kiunoni, nikaingia katikati. Évariste akainua simu yake juu ili kunirekodi.

Nilianza mbali, maana ukoo wa Uyoga ndio uliotuzalia wabunge wetu karibu wote. Nikamsema mbunge wa kwanza kabisa, wakati wa uhuru, babu mdogo wa Parfait, karani wa kampuni ya pamba. Alichaguliwa kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na baiskeli, na watu walidhani mwenye baiskeli atafika mbali. Na kweli alifika mbali. Alipanda lori la pamba kwenda bungeni, baiskeli akamwachia mkewe, na hakurudi tena. Baiskeli ilibeba mihogo mpaka ikafa kifo cha heshima. Nikawaambia kwamba katika historia yote ya jimbo, baiskeli ile ndiyo iliyotutumikia vizuri kuliko wote.

Wakacheka. Wazee wa Uyoga waliokaa mbele walicheka kuliko wengine, ndivyo utani unavyotaka.

Nikaja kwenye enzi ya chama kimoja, mjomba wa Parfait, aliyeletwa uwanjani na mkuu wa wilaya. Watu waliambiwa kwamba kupiga makofi ndiko kupiga kura. Waliopiga makofi kwa uvivu walipelekwa kubeba mawe ya barabara. Barabara ilianzia mjini, ikapita msituni, ikafika kwenye shamba la mama yake mbunge, ikachoka, ikalala hapo hapo. Haijaamka. Kisha vita vikaja, na kwa miaka hiyo hatukuwa na mbunge hata mmoja, au tuseme tulikuwa nao wengi sana, maana kila kijana mwenye bunduki aliweka kamba barabarani, na jimbo lake likaanzia kwenye kamba na kuishia kwenye kamba ya mwenzake. Hao angalau walikuwa wanakaa jimboni.

Kisha nikageukia jeneza. Nikamsalimia marehemu kama mtani anavyosalimia.

"Parfait, uyoga wa jalalani," nikasema, "umelala? Lala. Umezoea."

Nikamkumbusha alivyokuja mara ya kwanza na chumvi, sabuni, na vitenge vyenye uso wake. Kitenge kilikuwa kizuri, sikatai. Mama yangu alikivaa shambani mpaka uso wa Mheshimiwa ukafifia, yakabaki masikio, na hata hayo masikio hayakusikia kitu. Uchaguzi wa pili alikuja kuweka jiwe la msingi la daraja la Muselezi, akakata utepe, akapigwa picha. Jiwe lipo. Wanawake hunolea mapanga hapo, na ni jiwe zuri kwa kazi hiyo. Uchaguzi wa tatu alileta mhandisi mwenye chombo cha miguu mitatu, akaupima mto kutwa nzima.

"Tunakushukuru, Parfait," nikasema. "Mto umepimwa. Sasa tunajua upana wa kitu kinachotuua."

Hapo Thérèse aliinamisha uso. Nilikuwa nimeahidi, au sikuahidi; alidhani nimeahidi. Nikautazama ukumbi, nikafikiri, sasa wamesikia. Kisha mtu mmoja nyuma akaangua kicheko, na wote wakamfuata, wakacheka huku wakijifuta machozi. Niliona uchungu na hasira pamoja. Dada yangu alikuwa katika ile sentensi, na wao walikuwa wanacheka. Lakini wangefanya nini? Mtani akisema, watu hucheka.

Basi nikamwaga yote. Uchaguzi wa mwisho alikuja kwa helikopta, akapita juu ya Muselezi akiwapungia mkono watu waliokuwa wanavuka kwa kamba, nao wakaachia kamba mkono mmoja ili wampungie. Sijui nani alikuwa mjinga zaidi, wa juu au wa chini. Nikamaliza na baba, nikaingia kwa mtoto. Nikamwita Chris asimame, na akasimama, mrefu, ameshika miwani ya jua. Nikawaambia mtazameni, huyu ndiye mbunge wetu mpya. Ugali anakula kwa uma. Akisikia Kiswahili anainamisha kichwa kama anayesikiliza redio ya jirani. Mkimpeleka Kilungwe atauliza mto uko baada ya robot ya ngapi. Mto akiuona ataupigia hooter ya gari umpishe. Hajui kaburi la babu yake liko wapi, hajui bibi yake alipiga magoti kwa nani akiomba mbegu, hajui hata kwamba hajui. Mzee wake alituuza akiwa anatufahamu. Huyu atatuuza bila kujua ameuza nini.

Nikaenda mlangoni nikalala chini, mgongo kwenye zege, miguu kwenye kizingiti. Gari la kupeleka jeneza uwanja wa ndege lilikuwa nje limewashwa.

"Leo sitaki kuku," nikasema kwa sauti ya kufika hadi jukwaani. "Nataka kiti. Chris aseme hapa, mbele ya baba yake, kwamba kiti hakitaki. Akisema, naondoka mlangoni."

Sijapata kusikia kicheko kama kile. Mzee mmoja wa Uyoga ilibidi apewe maji. Mwenyekiti wetu alicheka mpaka simu ikatikisika mkononi, kisha akampa mtu mwingine aendelee kurekodi, akaenda kumnong'oneza Chris sikioni. Alinong'ona muda mrefu. Nilimwona Chris akivua viatu. Viatu vizuri, vya ngozi. Kisha akavua soksi, akaja kwa magoti kutoka jukwaani hadi mlangoni, amemshika yule kuku kwa mikono yote miwili, na kuku alikuwa anampiga mabawa usoni.

"Mama Mvua," alisema, kwa Kiswahili cha kufundishwa dakika ile ile, "sisi uyoga. Tunyeshee."

Hayo ni maneno ya ukoo wa Uyoga kwa watani wao. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilikuwa chini pale na kuku amewekwa kifuani mwangu, na jeneza la mtu aliyekufa linasubiri, na macho yote kwangu. Ningemkataa kuku yule, ningekuwa nimemlaani maiti, na Kilungwe nzima ingesema ukoo wa Mvua umeleta laana kwenye msiba. Nikampokea kuku. Nikainuka. Jeneza likapita.

Nje, wakati watu wanaingia kwenye mabasi madogo, Chris alinifuata bado akiwa peku. Macho yalikuwa mekundu. Aliniambia kwamba amesikia yote, ya jiwe, ya mhandisi, ya kamba, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia mambo hayo, hata baba yake. Aliniambia ameona aibu. Nikamshika bega nikamwambia aibu ni mwanzo mzuri. Nilirudi Malvern nikiwa mwepesi. Nililala usingizi wa mtu aliyeshinda uchaguzi.

Hénock alinipigia simu kesho yake saa za asubuhi, nikiwa namsuka mteja. Ili kupata mtandao ni lazima apande kilima cha misheni, na alikuwa bado anahema. Nikamwambia anisubiri, nikatoka nje hadi kando ya barabara, nikiwa nimejiandaa kumpa pongezi. Nikamuuliza kama habari zimefika.

Zilikuwa zimefika. Évariste aliituma rekodi yote Kilungwe kabla mwili haujapanda ndege. Machifu walikusanyika wakaisikiliza kwa simu ya Hénock mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu wakawaita wake zao. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Chifu wa ng'ambo, yule aliyekuwa mkali kuliko wote, alikariri ile ya hooter mpaka watoto wameishika.

"Wamesemaje kuhusu kiti?" nikamuuliza.

Hénock ni mtu mpole, anapotaka kukuumiza hutafuta kwanza mahali pa kukushikia.

"Shemeji, jana asubuhi walikuwa wamemkataa kabisa," alisema. "Walisema si mtoto wetu, ni mgeni. Halafu wamesikia umemtania. Umemwita mbele ya watu, umemsema na bibi yake, umelala mlangoni, amekulipa kuku, umepokea. Chifu akatuuliza, nani kati yenu amewahi kuona mtu wa Mvua akimtania mgeni?"

Mgeni hataniwi. Hilo analijua hata mtoto wa kwetu anayeng'oka meno. Mgeni unampa kiti na maji. Unayemtukana ni wa nyumbani. Nimelijua jambo hilo maisha yangu yote, na sikulifikiria hata mara moja, kwa sababu nilikuwa na hasira na nilikuwa nimepewa ukumbi mzima unisikilize. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, nami nilidhani usaha utakuwa wa wengine.

Nikamwambia Hénock arudi kwa machifu, awaambie kwamba haukuwa utani. Kwamba kila neno lilikuwa la kweli, nililikusudia, na nilitaka yule kijana akatae. Nikamwambia awaambie habari ya Paulina.

"Paulina wanamjua," alisema. "Walikuwa wanalia wakicheka. Lakini shemeji, ukisema haukuwa utani, basi umemtukana maiti bila haki, na kuku umekula bure. Utarudi Kilungwe kwa uso gani?"

"Na wewe ulifanya nini, walipokubali?"

"Mimi njo niliyepewa kupeleka jibu Johannesburg," alisema. "Nilimpigia Chris. Alifurahi sana. Amesema alifikiri hatumtaki."

Magari yalikuwa yanapita Jules Street na mteja wangu alikuwa amechungulia mlangoni, nusu ya kichwa imesukwa. Hénock akaniuliza kama bado namsikia. Nikasema namsikia. Akasema hana kinyongo, mvua imeanza kule juu, inabidi ashuke kilima mapema, watoto wanamsubiri ukingoni awavushe.

Kilungwe imepewa wabunge na kampuni, na chama, na sabuni. Huyu wa sasa nimewapa mimi.